Tembe Kwenye Pindo la Leso

Wanawake wa rika langu hapa Kiuu hunisifu kwa subira. Yule mama, husema, hata jino likimuuma humsikii. Nikisikia hivyo hubadilisha mazungumzo, nikauliza bei ya sukari au habari ya mtoto wa mtu. Hawajui kwamba niliwahi kuumwa vilivyo katika wodi moja ya wanawake huko Thika, na kwamba nilivyojibeba siku zile ndilo jambo linalonitia haya kuliko yote niliyoyafanya. Na mimi si kwamba nimefanya machache.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nauza leso na madera sokoni Ruiru, nina watoto watatu, na nilikuwa navuja damu. Sizungumzii ile ya kila mwezi ambayo kila mwanamke anaijua. Kizazi changu kilikuwa na uvimbe, na uvimbe ule ulinifungulia damu wiki mbili, ukanipumzisha siku kumi, ukaanza upya. Nilikaa kibandani juu ya leso mbili nyeusi zilizokunjwa, nikingoja mteja ageuke ndipo niinuke nijitazame nyuma.

Kwa mwanamke wa Kiislamu, ugonjwa kama ule una aibu yake ya ziada inapofika Ramadhani. Ukiwa katika damu hufungi, na siku ulizokula unazilipa baadaye. Mimi Ramadhani tatu mfululizo nilifunga siku za kuhesabika kwa vidole, na hata damu ilipokatika nilikuwa na kizunguzungu cha kuniangusha. Nilikula nyuma ya marobota ya nguo, nimewapa wapita njia mgongo. Siku za kulipa zikarundikana mpaka nikaacha kuziwaza.

Basi, wiki chache kabla ya upasuaji, tulikuwa nyumbani kwa mama mkwe wangu Thika, wanawake kama sita, tunachambua mchele wa shughuli. Mazungumzo yakafika kwenye mwezi mtukufu unaokaribia. Jirani mmoja wa mama mkwe, mwanamke wa maneno mengi, akanitupia jicho akasema, "Wewe nawe, kwani ulishawahi kuimaliza Ramadhani?" Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha watu waliokaa pamoja, na kesho yake hakuna aliyekikumbuka. Ila mimi hasira zangu ziko karibu, tangu utotoni. Nikaweka ungo chini.

"Wakishanitoa hicho kizazi mtaniona," nikasema. "Mwaka huu nafunga zote. Na nitaanzia hukohuko kitandani."

Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye ungo wake, akanitazama, asiseme neno. Kimya chake nilikitafsiri kuwa ni shaka. Nikaapa moyoni kwamba nitamwonyesha na yeye.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, na siku hizi haipo tena. Daktari wetu alikuwa kijana mwembamba aliyetoka masomoni si muda mrefu, na alikuwa na tabia ambayo hatukuizoea kwa madaktari: alikaa ukingoni mwa kitanda na kukueleza. Siku moja kabla ya kunipasua alinieleza habari ya maumivu. Alisema desturi ilikuwa kumwacha mama mpaka alie, kisha adungwe sindano kali, alale, aamke akilia, adungwe tena. Sindano ile, alisema, inaondoa maumivu kweli, lakini inamlewesha mtu, inamtapisha, inalifanya tumbo lisitembee, na mama aliyelewa hainuki kitandani. Yeye alitaka sindano hiyo itumike siku ya kwanza tu, labda na ya pili. Baada ya hapo ni tembe za aina mbili, zimezwe pamoja saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, uwe unaumwa au huumwi.

"Usingoje uchungu ufike ndipo umeze," alisema. "Unameza ili usifike."

Nikaitikia, ndiyo daktari. Lakini alipoondoka tulimcheka. Sote mle wodini tulikua tukijua kwamba dawa ya kweli ni sindano. Tembe ni za kichwa na homa, ni kitu unachompa mtoto umtulize ukijipanga kumpeleka kwa daktari. Mama mmoja wa kitanda cha pembeni alisema huyu kijana anataka kutupunguzia dawa kwa sababu sisi ni wanawake.

Aliyetuletea tembe hizo mchana alikuwa sista mmoja mnene wa sauti kubwa, mkazi wa Kamenu. Mkikuyu wa kutoka huko juu. Herufi za r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake zitakavyo. Alisukuma toroli lake kitanda kwa kitanda, akakuwekea tembe mkononi, akakupa kikombe cha maji, akasimama. "Meza nione," alisema. Kwa kila mtu ilikuwa hivyo, hata kwa wanawake waliomzidi umri. Ukisita alikupanua mdomo na kukwambia inua ulimi. Ni yeye pia aliyetufundisha kukohoa baada ya kupasuliwa: unaukumbatia mto, unaukaza juu ya mshono, ndipo unakohoa. Na kila alasiri alitutoa vitandani. "Amka, mama, tutembee. Ukilala hivyo tumbo nayo inalala."

Nilipasuliwa Jumatatu. Jumatatu na Jumanne nilidungwa sindano zangu, nikaelea. Jumanne mchana, dripu ikiwa bado mkononi, niliswali adhuhuri nimekaa, na damu ya kidonda si hedhi. Sista alinikuta katikati ya swala na toroli lake. Alisimama kimya mpaka nikatoa salamu kulia na kushoto. Kisha akaniwekea tembe mkononi na kusema, kwa ile sauti yake ambayo wodi nzima iliisikia, "Wewe mama ni mtu wa Mungu. Wewe sitakusimamia." Akanigeuzia mgongo, akaenda kitanda cha jirani. Nilizimeza zile, kwa heshima ile.

Jioni hiyo mwezi ukaandama. Nilisikia kutoka msikitini, kupitia dirishani, watu wakitangaziana. Alfajiri nikatia nia. Dripu ilikuwa ingali ikinitiririkia maji yenye sukari mwilini, na sikujiuliza swali lolote. Mtu aliyekwisha kuapa kwa hasira haulizi maswali.

Asubuhi ya Jumatano walichomoa dripu, wakanipa kikombe cha uji. Uji nikampa bibi wa kitanda cha kushoto, tuliyemwita cucu kwa Kikuyu, mwanamke wa makamo ya mama yangu, kibarua wa mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, ambaye kizazi chake kilikuwa kimeshuka wakamshonea. "Haiya, wewe hutaki?" aliuliza. Nikamwambia sina hamu. Akanywa vikombe vyote viwili na kulamba midomo. Sista alipofika saa mbili, akaniwekea tembe nne kiganjani, akanigeuzia mgongo kama alivyoahidi. Niliinua kikombe, nikaacha maji yaguse midomo iliyofungwa, nikakiteremsha. Tembe nikazifundika kwenye pindo la leso yangu, nikatia fundo. Saa nane nikafanya vilevile.

Ilikuwa rahisi mno. Hilo ndilo ninalotaka mjue: ilikuwa rahisi kwa sababu aliniamini.

Msinielewe vibaya, sikuwa nataka kuumwa. Nilikuwa na hesabu yangu. Madrasani tulifundishwa kwamba sindano ya dawa, isiyo ya chakula, haifungui saumu. Tembe inafungua, kwa sababu imepita kooni. Kwa hiyo sindano ndiyo iliyonifaa: ingeniondolea maumivu na kuniachia saumu yangu. Daktari alitaka kuzipunguza. Mimi nikaona nikiumia vya kutosha, watanidunga wapende wasipende. Jioni mama mkwe aliponiletea tende na maji ya ndimu nilifuturu, na tembe za saa mbili usiku za sista wa zamu ya usiku nilizimeza kama mtu mwema. Mama mkwe alinitazama nikila tende kwa pupa. Aliniambia pole pole mwanangu, utapaliwa.

Jumatano ilipita kwa sababu mwili bado ulikuwa na akiba ya sindano. Alhamisi ndiyo iliyonionyesha. Asubuhi nikafundika tembe nne nyingine kwenye pindo, uji nikampa cucu. Safari hii aliniangalia kwanza. "Ni ile kufunga yenu?" akanong'ona. Nikaweka kidole mdomoni. Akacheka bila sauti, akanywa uji.

Kufika saa sita, tumbo lilikuwa linakamuliwa kama nguo nzito inayoshikwa na watu wawili, huyu anapindua huku na yule kule. Nilitaka kukohoa nikaogopa. Sista alipokuja saa nane aliniona sura, akauliza kama tembe zinanikaa tumboni. Nikamwambia zinakaa, lakini hazisaidii, nataka sindano.

"Sindano haijaandikwa, mama. Nitamwambia daktari akitoka kupasua. Kama kumeza kunakushinda, iko ile dawa ingine, ya kuweka kwa nyuma. Hiyo pia ni nzuri."

"Kwani mimi ni mtoto?" nikamjibu, kwa sauti ya kumwaibisha. Hakuudhika. Aliniwekea tembe kiganjani, akanigeuzia mgongo. Nikazifunga pamoja na zile zingine. Alasiri alipokuja kunitembeza nilikataa, nikavuta shuka mpaka kidevuni.

Saa kumi ilikuwa saa ya wageni. Mama mkwe akaingia na wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa yule jirani wa maneno mengi. Nilikuwa nimelala ubavu, jasho linanitoka usoni, nauma kona ya mto. Mama mkwe alinigusa paji la uso.

"Mwanangu, mbona umekuwa hivi?" Akamgeukia sista aliyekuwa akipita. "Sista, huyu mtoto wangu anateseka. Hamjampa dawa leo?"

"Nimempa, mama. Asubuhi na saa nane. Hata nimeandika hapa." Aliichukua karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akamwonyesha. Kisha akanigeukia mimi kwa uso mkunjufu kabisa, akijua nitamsaidia. "Si nilikupa, mama? Si ulimeza?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi, na kila mara naona njia zilikuwa tatu. Ningesema ndiyo nilimeza, yule jirani angejua sikufunga, na kile kicheko cha juu ya mchele kingerudi, safari hii kwa haki. Ningesema nilizificha kwa sababu ya saumu, sista angeniinua ulimi kila siku mbele ya watu na daktari angenifokea. Nikachagua ya tatu. Haikunichukua muda kuichagua. Napenda kudhani nilisitasita, lakini sikusita.

"Sijapewa," nikasema.

"Hujapewa nini?" Mama mkwe akainama.

"Tembe. Sijapewa leo. Wala jana mchana."

Sista alibaki na karatasi mkononi. "Mama," akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha, "si ni mimi nilikuwekea kwa mkono? Hapa?" Akakionyesha kiganja chake mwenyewe.

"Kumbe ndivyo mnavyofanya!" yule jirani akapaza sauti. "Mnaandika mmempa mgonjwa, halafu zinaenda kuuzwa madukani!" Wageni wa vitanda vyote wakageuka. Maneno ya namna hiyo yalikuwa yakizunguka kila hospitali miaka ile, kila mtu alikuwa na binamu aliyewahi kuibiwa dawa, kwa hiyo hayakuhitaji ushahidi. Mgeni mmoja akasema mamake naye haponi, labda ni huyu huyu sista anayemnyima dawa. Matroni akaitwa. Alikuwa mwanamke mkavu, hapotezi maneno. Aliniuliza mwenyewe, akinitazama machoni, kama nilipewa tembe au sikupewa. Nikamwambia sikupewa. Mara ya pili ilitoka kwa wepesi kuliko ya kwanza.

Cucu alikuwa amegeukia ukutani.

Matroni alimwambia sista akabidhi funguo za kabati la dawa. Alizitoa mfukoni palepale, mbele ya wageni, zikamwanguka, akazifuata chini ya kitanda changu. Nilimwona kisogo alipoinama. Alipoinuka hakunitazama. Aliondoka bila toroli lake.

Nikadungwa sindano. Joto likapanda kutoka pajani, maumivu yakasogea mbali, nikalala usingizi mtamu. Hilo nalo lazima niliseme, kwamba nililala vizuri. Adhana ya magharibi ilinipita nikiwa usingizini, na tende za mama mkwe zilibaki kwenye sahani zimefunikwa.

Ijumaa niliamka nikitapika. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma na halitoi hata upepo. Daktari kijana alikuja, akalibonyeza, akalisikiliza kwa kifaa chake muda mrefu. Alionekana hakulala. Aliniuliza kama siku mbili zile, mbali na tembe alizoambiwa nilinyimwa, zile za usiku zilinisaidia. Nikasema sijui. Akaniambia huenda njia yake haifai kwa wodi kama ile, isiyoweza kuhakikisha mgonjwa amefikiwa na dawa, na kwamba pengine itabidi warudi kwenye sindano. Aliyasema kama anayejisemea. Mimi nikazidi kuukumbatia mto. Kumbe nilikuwa naharibu hata kazi ya huyu, na ya wanawake watakaolala kitandani pale baada yangu.

Saa nne hivi mama mkwe alifika, kabla ya swala ya Ijumaa, kuchukua nguo chafu akafue. Alikuwa mwanamke wa utaratibu. Nguo haiingii majini kabla hajaikung'uta na kupapasa mapindo. Nilimwona akiifikia ile leso. Nilitaka kumwambia aiache, lakini ningempa sababu gani? Akafungua fundo. Tembe zikamwagika kwenye shuka, nyeupe na za waridi, nyingine zimeanza kumomonyoka kwa jasho langu.

Hakuuliza ni nini. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulikuwa umefunga," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani alikwambia ufunge?"

"Niliahidi. Mbele yenu wote. Nilijua mnanihesabia siku."

"Mimi?" Alijigusa kifua. "Mimi nilikuwa na kazi ya kuhesabu siku zako? Mwanangu, mimi nilikuwa nahesabu siku ulizobaki nazo. Damu imekuisha mwilini, watoto watatu, nikawa nasema huyu atanifia. Tende nilikuletea upate nguvu. Nilidhani mchana unakula." Akazikusanya tembe kiganjani, moja moja. "Mgonjwa amesamehewa na Aliyemuumba. Wewe ni nani wa kuukataa msamaha? Na saumu gani hiyo, mtu anaufunga mdomo kwa uji, kisha anaufungua kumla mwenzake?"

Nililia. Kulia kulivuta mshono na nikaona ni sawa tu uvute. Nikamwomba aende yeye kwa matroni amweleze, maana mimi siwezi hata kusimama. Alizirudisha tembe kwenye leso, akafunga fundo lilelile, akaniwekea kifuani.

"Ulimi uliosema ni wako," akasema. Kisha akaanza kunitafutia ndara chini ya kitanda.

Hiyo ndiyo ikawa mara yangu ya kwanza kutembea tangu Jumanne. Nilikumbatia mto juu ya mshono kama nilivyofundishwa na yule yule niliyemwangamiza. Tulipofika mlango wa wodi nilisikia ndara nyingine nyuma yetu. Cucu alikuwa ameshuka kitandani, naye na mto wake.

"Tuende," akasema. "Uji nimekula mimi. Hata mimi niko ndani ya hii maneno."

Ukumbi wa kwenda ofisini kwa matroni haukuwa mrefu. Siku za kawaida ungeumaliza kabla hujamaliza kusalimiana na mtu. Tulisimama mara tatu, mimi nikiwa nimeshika ukuta, cucu akishika mkono wangu, mama mkwe mbele yetu hageuki.

Matroni alitukaribisha viti. Sikuweza kukaa, nikasema nikiwa nimesimama. Niliweka leso mezani, nikaifungua. Alizitazama zile tembe, akavuta karatasi na kalamu. "Sema tena, pole pole," akasema. "Niandike." Ikanibidi kuyasema maneno yangu vipande vipande, nikingoja kalamu inifikie: kwamba nilipewa, kwamba nilificha, kwamba nilisema sikupewa. Cucu akatoa ushahidi wa uji. Kisha nikatia sahihi. Nilipomuuliza sista yuko wapi, matroni alisema alimrudisha nyumbani jana, na kwamba barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshaandikwa. Akaifungua droo, akaitoa, akaiweka juu ya maelezo yangu. Sikujua ataichana au ataihifadhi, na sikuwa na haki ya kuuliza. Alisema tu, "Jana mama yule alilia hapo uliposimama."

Kuanzia saa nane ya siku hiyo nilimeza kila tembe. Na kumbe kijana yule alikuwa anasema kweli. Kufika Jumamosi jioni tumbo lilikuwa limefunguka, nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, maumivu yapo lakini yamekaa mahali pake, kama mgeni asiyesumbua. Sikuhitaji sindano hata moja. Cucu alirudishwa nyumbani Jumamosi hiyo. Alinishika mkono, akaniombea kwa Kikuyu, nikaitikia amina.

Siku zile za saumu nilizilipa baadaye, kwa sababu mama mkwe aliniambia saumu iliyokaliwa na jambo kama lile bora nisiitegemee. Zilikuwa chache, nikazimaliza. Nimezilipa pia zile za miaka mitatu, zote, nikiwa mzima, pale sokoni Ruiru, bila kumwambia mtu. Hizo zililipika.

Sista alirudi Jumatatu. Nilisikia magurudumu ya toroli kabla sijamwona, saa mbili kamili. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri, nimepanga maneno yangu ya kumwomba radhi. Lakini kuna jambo ambalo sikulifikiria. Maneno yangu ya Alhamisi niliyasema saa ya wageni, mbele ya watu wote. Maneno yangu ya Ijumaa niliyasema ofisini, mlango umefungwa. Wodi nzima ilijua la kwanza tu. Alipopita kitanda cha pembeni, yule mama alivuta mkoba wake kutoka kwenye kabati dogo na kuusukumia chini ya mto. Mwanamke mpya, aliyelazwa kwenye kitanda cha cucu, akauliza kwa kunong'ona, akajibiwa kwa sauti ya kusikika: huyo ndiye wa dawa.

Sista alisikia. Aliendelea na kazi yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakumwambia mtu yeyote meza nione; aliwawekea tembe mkononi na kuwatazama miguu, kama mtu aliyenyang'anywa ruhusa.

Akafika kwangu. Habari ya asubuhi, nikamwambia. Mzuri, akajibu. Aliniwekea tembe nne kiganjani, akanipa kikombe cha maji. Nikangoja anigeuzie mgongo, kwa mazoea. Hakugeuka. Alisimama mbele yangu na mikono yake ikiwa imeshika ukingo wa toroli.

"Meza nione," akasema.

Nikameza. Maji yalipita kooni, mchana kweupe, ndani ya Ramadhani, wanawake wote wakitazama.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Nikafungua. Nikainua ulimi. Wodini kila mtu alikuwa amegeuka upande wetu, na mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nilichohitaji kusema hakikuzidi maneno matatu: alinipa, nilizificha mimi. Nilihesabu hata muda, kwa sababu hakuwa na haraka, alikuwa akinipa nafasi, naamini mpaka leo alikuwa akinipa nafasi. Yule mama wa pembeni alikuwa bado amelalia mkoba wake.

Nikaufunga mdomo. Sista akaandika kwenye karatasi ya miguuni pa kitanda, akairudisha, akasukuma toroli kwenda kitanda kinachofuata.